Daftari la Magoti

Duka la Ushonaji, Kona ya Shule
Jumatatu, 3 Februari

Mwanangu,

Uliniambia mwenyewe, ukila mezani kwangu: "Mama Mdogo, ofisi haisikii maneno ya mdomo, ofisi inasikia karatasi." Haya, karatasi hiyo. Nimempa tarishi wenu aliyekuja kufupishiwa suruali, na suruali yake haitoki hapa mpaka aniletee jibu lako.

Leo saa mbili asubuhi, hapa kwenye kona yangu, pikipiki yenye trei kumi na mbili za mayai imekutana na gari la magodoro. Godoro moja likaanguka, mwenye pikipiki akaangukia godoro, mayai yakamwangukia yeye. Tunamshukuru Mungu hakuumia, ila alikaa pale akijitazama kama mtu aliyetoka kutotolewa. Mpaka sasa kona nzima inanuka, na mbwa wa mtaa wamehamia mlangoni pangu.

Nataka matuta. Mawili, moja kila upande wa kona, na ile mistari myeupe ya kuvukia. Wewe ndiye unayechora ramani ya ajali za mji huu. Sasa kama mtoto wa dada yangu hawezi kunisaidia, nimwendee nani?

Baba Mdogo wako anakusalimu. Wiki iliyopita aliteleza bafuni akaumia goti, anapumzika. Si kitu. Masikio ndiyo yale yale: honi ikipigwa mgongoni kwake anadhani ni mtu anamsalimu kwa mbali, naye anapunga mkono.

Mama yako mdogo,
Fundi Sindano

*

Idara ya Barabara, Chumba cha Ramani
Alhamisi, 6 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Tafadhali mpe tarishi suruali yake, maana tangu Jumatatu anagawa mafaili ya serikali akiwa na kaptura.

Kuhusu matuta, ngoja nikueleze kazi yangu. Ukutani kwangu kuna ramani ya mji, kubwa kuliko kitanda chako. Kila ajali iliyoandikishwa polisi kwa miaka miwili iliyopita naichomekea pini nyekundu. Pini zinaposongamana, kamati inaweka matuta na kivuko. Mwaka huu tumeruhusiwa sehemu tatu tu.

Sasa, nimeitazama Kona ya Shule. Haina hata pini moja. Ni nyeupe kama shuka mpya. Huenda kwa kuwa unakaa mlangoni kutwa nzima, kijambo kidogo unakiona kikubwa. Usikasirike. Ramani haina mama wala mama mdogo. Nikianza kuchomeka pini kwa undugu, kesho shemeji atataka taa za barabarani mbele ya banda lake la kuku.

Mpe pole Baba Mdogo. Nimempa tarishi mkeka wa mpira, muutandike bafuni.

Mwanao,
Mchora Ramani (Daraja la Pili)

*

Duka la Ushonaji
Jumamosi, 8 Februari

Daraja la Pili, marahaba.

Nyeupe kama shuka! Njoo uilalie basi.

Mwezi wa kwanza peke yake: mkokoteni wa maboga na teksi. Mwalimu wa darasa la tatu na baiskeli isiyo na breki. Pikipiki na pikipiki, mara mbili, ya pili ni wale wale wa mara ya kwanza. Na watoto wa shule wanavuka hapo asubuhi na mchana, wanakimbia kama vifaranga waliomwona mwewe. Hivyo ni vijambo?

Unasema hazikuandikishwa polisi. Ziandikishwe za nini? Hapa kwetu watu wanasikilizana. Waliogongana nawaketisha kwenye benchi langu la nje, mmoja huku mwingine kule, nawapa maji baridi. Kisha namshonea kila mmoja kilichochanika, hapo hapo mwilini. Mtu ambaye sindano inapita karibu na paja lake hapigi kelele, mwanangu, wala harushi ngumi. Nikimaliza nakata uzi kwa meno, nasema, "Yameisha," wanapeana mikono. Miaka kumi na moja sasa, hakuna hata mmoja wa kona hii aliyefika kituoni. Huo mji wako una sehemu nyingine ya hivyo?

Baba Mdogo ameuliza mkeka wa mpira ni wa nini. Nimemwambia ni urembo.

Fundi Sindano

*

Idara ya Barabara
Alhamisi, 20 Februari

Mama Mdogo, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, huku kumekuwa na shangwe. Kamati imeiona ramani yangu na kuisifu. Mhandisi Mkuu, yule tunayemwita Rula kwa sababu hata chai anakoroga kwa mstari ulionyooka, amenipa mkono mbele ya watu.

Sehemu ya kwanza imepatikana bila ubishi: barabara ya mbele ya kituo kikuu cha polisi. Pini mia mbili na kumi na nne! Hazikutosha hapo, nyingine ilibidi nizichomeke juu ya jengo. Rula aliamuru kazi ianze siku ile ile, na sasa matuta sita yameshakauka. Mwenyewe nimeshangaa, sisi tumewahi kungoja chaki miezi minne. Sehemu mbili zilizobaki zitapitishwa tarehe 18 Machi.

Na lile benchi lako, nisamehe, lazima niseme. Ajali isiyoandikishwa, kwangu haijatokea. Kwa miaka kumi na moja wewe mwenyewe, kwa sindano yako, umekuwa ukiifuta kona yako kwenye ramani. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Mwanao,
Mchora Ramani

*

Duka la Ushonaji
Jumatatu, 24 Februari

Mwanangu,

Tarishi amenisimulia. Eti mkuu wa kituo ameliacha bomba la moshi la gari lake kwenye tuta la tatu, na akina mahabusu waliokuwa wanafagia ndio waliomwokotea. Nimecheka mpaka nimejichoma kidole.

Mimi ramani siijui, nina swali moja tu la kishamba. Ajali mia mbili na kumi na nne mbele ya polisi? Mahali ambapo hata mlevi anatembea kwa adabu? Ulikwenda ukaangalia? Mimi mteja akishindwa kuja akamtuma jirani yake, simpimi jirani.

Hilo la benchi limenikaa hapa kifuani.

Fundi Sindano

*

Idara ya Barabara
Jumatatu, 3 Machi

Mama Mdogo, shikamoo, na shikamoo tena.

Nimekwenda. Nimekaa kwenye stuli kando ya sajini wa mapokezi kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Kumbe magari yote yaliyopata ajali mji mzima huvutwa mpaka uani kwa polisi. Sajini akifika kwenye mstari wa "mahali pa ajali" anageuza shingo, anatazama dirishani, analiona gari limekaa pale limebondeka, anaandika: mbele ya kituo. Nikamuuliza, Afande, hata iliyotokea ng'ambo ya mto? Akanijibu, "Kijana, mimi naandika ninachokiona kwa macho yangu. Umbeya siuwezi."

Kwa hiyo ramani yangu, Mama Mdogo, ni ramani ya dirisha. Nimezing'oa zile pini mia mbili na kumi na nne moja moja. Ukuta umebaki na matundu.

Mkuu wa kituo amempigia Rula simu mara tatu kuhusu bomba lake. Rula naye ameniita. Amesema nilete ramani mpya kabla ya tarehe 18, la sivyo nahamishiwa ghala la mabango kuhesabu vibao vya "Usiegeshe Hapa" mpaka nistaafu. Sasa nazunguka mtaa kwa mtaa na pikipiki ya ofisi, nauliza wenye maduka. Kila mmoja anakumbuka ajali, hakuna anayekumbuka tarehe.

Ulisema kweli, nimempima jirani. Je, una kumbukumbu yoyote ya kona yako? Chochote chenye tarehe. Nakuomba.

Mwanao asiye na daraja

*

Duka la Ushonaji
Jumatano, 5 Machi

Mwanangu,

Usiniandikie kwa unyonge hivyo, nalia kwenye kitambaa cha watu.

Chukua hili daftari la marekebisho. Kila nguo ninayoishonea kiraka naiandika: siku, nguo, palipochanika, kiuno cha mwenyewe, na kilichoichana. Nilianza kuandika sababu ili wateja wasije kudai ni mimi niliyeharibu. Utakuta "koti, kiwiko cha kushoto, mkokoteni", au "sketi ya mwalimu, pindo lote, baiskeli". Za misumari na za mbwa ziruke.

Ukurasa wa mwisho usiusome, una mambo ya nyumbani.

Fundi Sindano

*

Idara ya Barabara
Ijumaa, 7 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Nguo sabini na moja kwa miaka miwili! Hakuna kona ya mji huu iliyoandikwa vizuri hivi, hata polisi. Magoti ya kushoto arobaini na matatu, yote ya pikipiki zinazokata kona kutoka sokoni. Siku za mvua ni mara mbili ya siku kavu. Mwalimu wa darasa la tatu amegongwa mara nne, na mara zote amevaa sketi ile ile. Nimekesha nalo daftari kama mtu anayesoma hadithi.

Na ukurasa wa mwisho nimeusoma. Ungetaka nisiusome usingeniambia upo.

"Jumanne, 28 Januari. Suruali ya kijivu. Goti la kulia. Kiuno inchi arobaini na sita. Gari la mikate. Damu, imefuliwa mara tatu." Mama Mdogo, inchi arobaini na sita ninazifahamu. Nimebebwa mabegani juu ya kiuno hicho tangu sijajua kusema. Uliniandikia kuwa ameteleza bafuni. Mimi nikakutumia mkeka. Nimeumia, sikufichi, na nimeona aibu kwa ile habari yangu ya shuka mpya.

Rula amelipenda daftari, lakini ni mtu wa kanuni: kona haipiti bila angalau ajali moja iliyoandikishwa polisi. Moja tu! Ya Baba Mdogo inatosha. Jumanne nitakuja na pikipiki kupima upana wa barabara, kisha sote watatu twende kituoni tukaiandikishe.

Mwanao

*

Duka la Ushonaji
Jumapili, 9 Machi

Mwanangu,

Umeshajua, basi nikueleze.

Alikuwa anavuka kwenda kwa kinyozi kusoma gazeti, kama kila siku. Gari la mikate lilipiga honi, naye akapunga mkono. Nililiona lote kutoka kwenye cherehani. Dereva alishuka na hofu kuliko majeruhi, amekumbatia mkate sijui wa nini. Nikawaketisha kwenye benchi. Nikawapa maji. Nikashona lile goti, mikono yangu ikijua kazi yenyewe tu, nikakata uzi, nikasema, "Yameisha." Ya mguu wa mume wangu, mwanangu! Nimeyasema kama ninavyosema kwa mayai.

Walipeana mikono. Dereva akaondoka. Ndipo nikaingia ndani nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. Mganga hajigangi, wanasema. Tangu siku ile kila akivuka naacha kushona mpaka afike ng'ambo. Bafuni niliitunga kwa sababu niliona haya. Mwenye kusuluhisha watu wote kuja kulia kwa mtoto.

Lakini polisi siwezi kwenda. Nilimpa yule dereva neno langu, na neno langu ndilo duka langu. Baba Mdogo naye amekataa, anasema alishampa mkono. Tafuta njia nyingine.

Jumanne njoo, nitafurahi. Ila kwenye kona pita taratibu.

Mama yako mdogo

*

Kituo Kikuu cha Polisi, mapokezi
Jumanne, 11 Machi, saa kumi jioni

Mama Mdogo,

Naandika juu ya goti moja, lile zima. Acha kumtuma kinyozi huku kunifuata, nimemrudisha na barua hii.

Najua umesema yameisha. Umesema mbele ya kinyozi, mbele ya mwalimu, umesema huku umenishika suruali na sindano. Hayajaisha! Ukweli wenyewe ni huu: nilikuwa natazama nguzo ya taa, nahesabu hatua kwa kichwa, sikuangalia mbele. Nilipoinua macho Baba Mdogo alikuwa katikati ya barabara na gazeti lake. Nikapiga honi. Akanipungia mkono. Ningechelewa kukata usukani kidogo tu, leo ningekuwa nimemgonga mimi, mtoto aliyebebwa mabegani mwake. Sasa namwelewa yule dereva wako wa mikate: kama ningekuwa na mkate ningeukumbatia.

Badala yake nimegonga benchi lako. Limevunjika vipande viwili na goti langu limechanika. Benchi ni mali yako, wewe ndiye uliyekosewa, na umekataa kunishtaki. Vizuri. Nimeuliza, mkosaji anaruhusiwa kujishtaki mwenyewe. Wewe hujavunja neno lako kwa mtu yeyote.

Sajini alitazama dirishani, akaiona pikipiki ya ofisi uani, akaanza kuandika "mbele ya". Nimemshika mkono wa kalamu. Amesema hilo nalo ni kosa, sasa nina makosa mawili. Lakini imeandikwa, nimeisoma mara tatu kwa macho yangu: Kona ya Shule, mbele ya duka la fundi cherehani.

Mwanao

*

Duka la Ushonaji
Alhamisi, 13 Machi

Mwanangu mjinga, mwanangu wa pekee,

Nilikuandikia upite taratibu. Nilikuandikia kwa kalamu nyeusi!

Uliponishika mkono ukaniambia hayajaisha, nilitaka kukuchapa na futi. Ulipoondoka na lile goti lako, nikakaa pale lilipokuwa benchi, chini, mbele za watu, nikalia. Kisha nikakumbuka jinsi benchi lilivyoruka nikacheka. Mwalimu akadhani nimechanganyikiwa, akaniletea maji yangu mwenyewe.

Nimewaambia wote: kona hii benchi hakuna. Anayegonga aende kituoni kwanza, aandikishe, aseme mahali kwa sauti. Akirudi nitamshonea, na mkono watapeana, undugu haujafungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa huu nimeupaka rangi miaka kumi na moja.

Suruali yako iko tayari. Nitakuandika daftarini, lirudishe mapema.

Fundi Sindano

*

Idara ya Barabara
Jumanne, 18 Machi

Mama Mdogo, shikamoo!

Imepita. Sehemu ya pili: Kona ya Shule. Pini nyekundu moja, ya kwangu, na kuizunguka pini za bluu sabini na moja. Mjumbe mmoja akauliza za bluu ni nini. Rula akavua miwani, akasema, "Magoti, mheshimiwa." Hakuna aliyecheka.

Ghalani siendi. Pikipiki ya ofisi nimenyang'anywa mwaka mzima, natembea kwa miguu. Rula anasema mchora ramani alipaswa kutembea tangu mwanzo. Matuta matatu kati ya yale sita ya polisi yanabomolewa. Kifusi nimeomba kije kwako.

Mwanao

*

Duka la Ushonaji, Kona ya Shule
Jumatatu, 12 Mei

Mwanangu,

Matuta yamekauka na mistari imepakwa, myeupe, hiyo sasa ndiyo shuka mpya. Wiki ya kwanza watoto wa shule walivuka wakitembea, kwa kuogopa kuichafua. Yule wa mayai anapita polepole mpaka anawasalimu mbwa kwa majina. Seremala ameunga benchi, nimelirudisha, lakini hakuna anayeketi kugombana. Tangu matuta yamalizike tarehe 2 Aprili sijaandika goti hata moja. Nashona vifungo na mapindo kama fundi wa kawaida, na mchana nasinzia.

Na mimi siachi tena cherehani akivuka. Jana nilimaliza mkono mzima wa shati, nikainua kichwa, kumbe ameshafika.

Barua zako nilizisahau mezani, Baba Mdogo amezisoma zote. Ananinyang'anya kalamu.

Mama yako mdogo

Kijana wangu,

Kwanza, mimi bafuni sijateleza tangu nizaliwe. Mkeka wenu huo nimekuwa nikiuruka kila asubuhi nikidhani ni urembo. Chukua.

Pili, leo nimevuka mara sita. Kwa kinyozi sikuwa na shida, nilinyolewa juzi. Nimeweka mguu kwenye mstari, gari limesimama. Nimeweka tena, limesimama jingine, na la mikate nalo, dereva akanipungia mkono yeye kwanza. Sikuhitaji kusikia kitu.

Baba yako mdogo